Saa ya Kupewa na Saa ya Kujitwalia

Neno saa katika Kiswahili lina maana tatu zinazokaa katika nyumba moja. Saa ni chombo kinachovaliwa mkononi au kutundikwa ukutani; saa ni kipimo cha dakika sitini; na saa ni wakati wenyewe, kama mtu anavyouliza, saa ngapi sasa? Katika mazungumzo ya kila siku maana hizi hazigombani, maana aulizaye na ajibuye husimama chini ya jua moja. Lakini kazi ya kuhesabu saa za watu sasa imekabidhiwa kompyuta, na kompyuta haisimami chini ya jua lo lote. Hapo ndipo inapozaliwa haja ya kuweka kila maana mahali pake, na ya kuuliza swali ambalo zamani halikuwa na haja: huyu anayehesabu, saa yake ameipata wapi?

Mahali panapofaa sana kulifikiri swali hili ni Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita, kusini ya Ziwa Viktoria. Nchi hii iko karibu na ikweta, na usiku wake na mchana wake hukaribia kulingana mwaka mzima. Kwa sababu hiyo desturi ya Waswahili ya kuhesabu saa tangu macheo na tangu machweo ingeweza kudhaniwa kuwa imekatwa kwa kipimo chake. Hata hivyo jua na saa havipatani huko. Saa ya Tanzania imeitangulia ile ya Greenwich kwa saa tatu, nayo kwa haki ni saa ya mstari wa nyuzi 45 za mashariki, mstari upitao karibu na Mogadishu. Shinyanga iko kwenye nyuzi 33 na kitu, na Geita iko magharibi zaidi, kwenye nyuzi 32 na kidogo. Dunia huzunguka uzi mmoja kwa dakika 4. Basi saa ya ukutani inapogonga saa sita ya mchana, jua la Shinyanga, kwa wastani wa mwaka, bado lina safari ya dakika 46 hivi kufika utosini, na la Geita dakika 50 au zaidi. Na saa inapotangaza saa kumi na mbili ya asubuhi, jua la Geita halijachomoza bado.

Hili si kosa la jua wala si kosa la saa. Ni ushahidi kwamba saa ni mapatano. Kenya katika zama za ukoloni iliwahi kutumia saa iliyoitangulia Greenwich kwa saa mbili na nusu, ikatumia tena iliyotangulia kwa saa mbili na dakika 45, kabla ya kutulia katika saa tatu kamili. Jua halikusogea hata kidogo katika mabadiliko hayo. Kilichosogea ni kauli ya watu. Dhahabu huchimbwa ardhini, bali saa haichimbwi po pote. Saa hutolewa na watu kwa watu, na kila aitumiaye amepewa na mtu mwingine, ajue au asijue.

Sasa watazamwe wale ambao maisha yao hupimwa kwa mapatano haya. Almasi ya Mwadui ilivumbuliwa mwaka 1940. Dhahabu ya Geita, iliyochimbwa tangu miaka ya 1930 katika mgodi wa zamani, ilianza kutolewa tena na mgodi mkubwa wa sasa mwaka 2000; na mgodi wa Bulyanhulu, upande wa Kahama, ulifunguliwa mwaka 2001. Migodi mikubwa hailali. Watu hupokezana kwa zamu, na aghalabu zamu ni ya saa kumi na mbili: kundi moja huingia jua likitua na kutoka kabla halijachomoza. Aliye chini ya ardhi haoni jua wala mwezi, na hawezi kuisahihisha saa kwa kuitazama mbingu. Haki yake yote ya wakati imo katika daftari la mwingine.

Na haki hiyo imeandikwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inauita usiku muda ulioko baada ya saa mbili ya usiku na kabla ya saa kumi na mbili ya asubuhi, nayo inaamuru kwamba kila saa iliyofanyiwa kazi katika usiku huo iongezwe malipo yasiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Mtu akihesabu kwa vidole ataona kwamba usiku wa sheria una saa 10. Anayeingia zamu saa kumi na mbili ya jioni na kutoka saa kumi na mbili ya asubuhi amefanya saa 12, na 10 kati ya hizo ni za usiku. Hesabu hii mtoto wa shule aiweza. Lakini haifanywi na mtoto wa shule. Hufanywa na programu, na programu lazima kwanza ijue saa.

Kuna njia mbili ambazo programu huweza kuijua saa. Ya kwanza ni kujitwalia. Mtunzi wa programu, katikati ya hesabu zake, huiandikia mashine amri fupi: niambie sasa ni saa ngapi. Mashine hujibu mara moja, na hesabu huendelea. Njia hii ni nyepesi kama kuchota maji mtungini, na kwa wepesi wake amri hiyo hutawanyika kila pembe ya programu: moja kwenye lango la kuingilia, moja kwenye mshahara, moja kwenye likizo, moja kwenye ripoti ya mwezi. Ya pili ni kupewa. Sehemu inayohesabu huandikwa na mlango, na katika mlango huo huletewa saa kutoka nje. Haiendi kuitafuta, husema tu, yule atakayeniita na aniletee saa, nami nitahesabu kwa saa niliyoletewa. Tofauti ya njia hizi mbili katika maandishi ni ndogo mno, labda neno moja au mawili. Katika haki ni kubwa, kama mfano huu utakavyoonyesha.

Na achukuliwe mlinzi mmoja wa mgodi usio na jina, mzee akeshaye zamu ya usiku peke yake mwaka hata mwaka, mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 2,000 kwa saa. Asubuhi moja ya siku ya malipo anasimama mbele ya dirisha la ofisi ya mshahara, na nyuma ya dirisha yuko kijana aliyeitunga programu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Mwangaluka. Nieleze wewe uliyesoma: usiku wa Geita una saa ngapi?”

“Saa kumi, mzee. Ndivyo isemavyo sheria.”

“Mbona karatasi hii inaniambia saba?”

Kijana anaichukua karatasi. Saa zote za kazi ni sawa: 12 kwa kila zamu, hakuna hata dakika iliyopotea. Saa za usiku ni 7. Anapiga hesabu kwa mkono na kupata 10. Anaijaribu programu katika kompyuta iliyo mezani pake, nayo pia inasema 10. Lakini karatasi imetolewa na kompyuta nyingine, iliyopangishwa ng'ambo, na saa ya kompyuta hiyo, kama ilivyo desturi ya nyingi za namna yake, imewekwa kwa Greenwich. Mlinzi alipopita langoni saa kumi na mbili ya jioni, mashine ile ilijitwalia saa yake yenyewe, ikaandika saa tisa ya alasiri. Alipotoka saa kumi na mbili ya asubuhi, iliandika saa tisa ya usiku. Kutoka saa tisa mpaka saa tisa ni saa 12, na kwa hiyo jumla haikukosea. Bali kutoka saa mbili ya usiku mpaka saa tisa ya usiku ni saa 7 tu. Saa tatu za mwisho, zile nzito kuliko zote, ambazo macho ya mkeshaji huwa kama yametiwa mchanga, zimefutwa.

Saa moja ya usiku humletea mzee huyu nyongeza ya shilingi 100. Basi kila zamu hupungukiwa na shilingi 300. Kwa zamu 16 za mwezi ni shilingi 4,800, na kwa mwaka ni shilingi 57,600. Haba na haba hujaza kibaba, na hivyo hivyo haba na haba hukitoboa. Lakini hasara si ajabu ya kisa hiki. Ajabu yake ni maficho. Mlinzi wa mchana, aliyeingia saa kumi na mbili ya asubuhi, mashine ilimwandika kuwa ameingia saa tisa ya usiku, ikamhesabia saa 3 za usiku ambazo alikuwa amelala nyumbani kwake. Saba kwa tatu ni kumi. Kama walinzi wa zamu mbili ni sawa kwa idadi na kwa mshahara, basi jumla ya nyongeza ya usiku iliyolipwa na mgodi ni ile ile iliyopaswa kulipwa. Mkaguzi akija na kalamu yake nyekundu ataziona hesabu zimelingana, atatia sahihi na kwenda zake. Hata mfanyakazi anayezunguka zamu kwa usawa, nusu mchana na nusu usiku, hapati wala hapotezi. Anayeumia ni yule mmoja anayekesha daima, na mali yake imo mfukoni mwa mwenzake asiyejua kwamba ameibeba.

Kwa nini kosa hili halikuonekana mapema? Si kwa uvivu wa kijana. Aliijaribu programu yake; lakini aliijaribu mchana, katika kompyuta yenye saa ya Tanzania, nayo ikajibu sawa. Programu inayojitwalia saa haiwezi kuulizwa ingefanya nini saa nane ya usiku, illa kwa kungoja saa nane ya usiku. Haiwezi kuulizwa habari za tarehe 29 Februari, illa kwa kungoja mwaka mrefu. Haiwezi kuulizwa ingesema nini kama ingekuwa katika nchi nyingine, illa kwa kusafirishwa. Imeufunga ushahidi wake mahali ambapo mchunguzi hafiki. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivuta kwake; na mhesabu anayejiwekea saa yake mwenyewe, hata akiwa mashine isiyo na tamaa, amekwisha kuvuta ngozi kwa upande mmoja.

Wachimbaji wa ukanda huu wanaijua dawa kwa kazi yao wenyewe. Mwenye dhahabu anapofika mbele ya mnunuzi hatazami tu sindano ya mizani. Hutaka mizani hiyo ijaribiwe kwa jiwe ambalo uzito wake unajulikana: ukiweka gramu 10, na iseme 10. Serikali ina Wakala wa Vipimo kwa kazi hiyo hiyo ya kuhakiki mizani za watu. Mizani isiyokubali kuwekewa jiwe la kujaribia haifai, ijapokuwa inapima kweli, kwa sababu ukweli wake hauna njia ya kuthibitishwa. Na saa ya kuletewa ni hilo jiwe. Siku ya kazi programu huletewa saa ya kweli, iliyofungwa wazi kwa majira ya Tanzania popote pale mashine ilipo. Siku ya kujaribiwa huletewa saa iliyosimamishwa, saa ambayo mchunguzi ameiweka kwa mkono wake: sasa ni saa kumi na mbili ya jioni, sasa ni saa kumi na mbili ya asubuhi, haya, sema umehesabu ngapi. Ikijibu 10, inapita. Ikijibu 7, mlinzi ameokolewa kabla hajaingia zamu.

Mafundi wa programu huita tendo hili kuingiza kitegemewa, yaani kukipa kitu kile kinachokitegemea badala ya kukiacha kijitafutie. Jina lake lilienezwa na makala ya Mwingereza Martin Fowler mwaka 2004, mwaka ule ule uliotungwa sheria ya ajira. Kuhusu saa hasa, lugha ya Java katika toleo la 8 la mwaka 2014 ilitengeneza chombo maalumu cha saa kinachoweza kuletwa kutoka nje na hata kusimamishwa, na maelezo yake yanawashauri watunzi wakipitishe kwa kila sehemu inayohitaji kujua sasa ni lini. Jamii ya .NET ilipata chombo cha namna hiyo katika toleo la 8 la mwaka 2023. Hivi si vitu vya fahari ya wasomi. Ni mlango ulioachwa wazi ili jiwe liweze kuingia.

Mlango huo ukiisha kuwapo, maswali mengi yaliyokuwa hayaulizwi yataweza kuulizwa katika mchana mmoja. Geita ilifungua soko la madini mwezi Machi 2019, na mnunuzi anayefuata bei ya dunia hutega sikio London, ambako bei ya dhahabu huwekwa mara mbili kwa siku, saa nne na nusu ya asubuhi na saa tisa ya alasiri kwa saa ya huko. Lakini London huisogeza saa yake mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, na kuirudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na Tanzania haifanyi hivyo. Kwa hiyo bei ya kwanza huifikia Geita saa saba na nusu ya mchana wakati wa baridi ya Ulaya, na saa sita na nusu wakati wa joto lao. Programu iliyotungwa mwezi Juni na kupimwa mwezi Juni itaonekana kamilifu mpaka Oktoba. Yenye saa ya kuletewa huonyeshwa Oktoba siku ile ile ilipoandikwa.

Hata miaka isiyofika huweza kuitwa kutoa ushahidi. Kompyuta nyingi huhesabu wakati kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, na zile zinazoiweka hesabu hiyo katika biti 32 zitajaa tarehe 19 Januari 2038. Huko Greenwich itakuwa dakika 14 na sekunde 7 baada ya saa tisa ya usiku. Katika Geita itakuwa dakika 14 na sekunde 7 baada ya saa kumi na mbili ya asubuhi, zamu ya usiku ikiwa ndiyo kwanza inatoka na ya mchana ndiyo kwanza inaingia. Sekunde ifuatayo, mashine isiyotengenezwa itarudi Desemba ya mwaka 1901, na kumwandika mfanyakazi huyo kuwa ameingia kazini katika utawala wa Wadachi. Hakuna haja ya kungoja asubuhi hiyo. Saa iliyosimamishwa yaweza kuileta leo.

Liko jambo jingine ambalo Kiswahili kimelifahamu kabla ya mafundi, nalo ni tofauti ya wakati na muda. Wakati ni mahali katika siku. Muda ni urefu wa kitu. Katika kisa cha mlinzi muda ulikuwa sahihi na wakati ukakosewa. Kinyume chake pia hutokea. Baada ya baruti kulipuliwa chini ya ardhi, watu hawarudi mpaka muda upite na hewa isafike. Kama programu itaupima muda huo kwa kutoa saa ya ukutani ya mwanzo katika saa ya ukutani ya sasa, na katikati yake mashine ikasahihishwa saa kwa kusogezwa mbele, hesabu itasema muda umetimia ilhali moshi ungalipo. Muda hupimwa kwa chombo kinachokwenda mbele tu, kisichosahihishwa na mtu. Wakati husomwa kwa chombo kinachofuata mapatano ya watu. Programu njema huletewa vyote viwili, kila kimoja kwa jina lake, na mchunguzi huweza kukisogeza kimoja bila kukigusa kingine.

Mtu aweza kupinga kwa kusema: kama saa huletwa kutoka nje, si aletaye ndiye atakayedanganya? Hoja hii ina uzito. Saa ya kuletewa haiwi kweli kwa kuletwa tu. Aliyeleta ya uongo atapata majibu ya uongo. Lakini mwizi wa mlango mmoja si kama mwizi wa matundu arobaini. Saa inapojitwaliwa kila pembe, hakuna awezaye kusema ni pembe ipi iliyopotoka. Inapoletwa kwa mlango mmoja, mlinzi mmoja wa mlango atosha, na jina la aliyeleta linajulikana. Mwingine atasema kwamba programu ndogo ya kumkumbusha mtu kumwagilia bustani haina haja ya taratibu hizi, naye asema kweli. Hakuna anayewaita wakaguzi wa mizani kupima chumvi ya mboga nyumbani kwake. Kipimo cha haja ni hiki: je, kuna mtu wa pili ambaye haki yake inategemea jibu? Akiwapo, mhesabu hana ruhusa ya kuwa na saa ya siri.

Hukumu zote za binadamu zimefuata kanuni hiyo. Hakimu hajitungii sheria anayohukumu kwayo, huletewa. Karani hajichapishii fedha anazolipa, huletewa. Hawapungukiwi heshima kwa kuletewa. Heshima yao imo katika hilo, kwa sababu kila aliyeletewa kitu aweza kuulizwa alikitumiaje. Mashine haina aibu wala dhamira, na haki ambayo mtu angeilinda kwa dhamira yake, katika mashine hulindwa kwa umbo la maandishi yake. Anayeyaandika basi anafanya kazi ya uadilifu, ajapodhani anafanya kazi ya ufundi tu. Usiku wa Geita una saa kumi, na mzee aliyezikesha zote kumi amestahili programu ambayo mtu ye yote, kabla ya siku ya malipo, aweza kuiuliza: umehesabu ngapi, na saa yako umepewa na nani?